Kisiwani Wakati Wageni Hawapo

Wasomaji wangu, samahani kwa ukimya. Sikuumwa wala sijafukuzwa kazi, kama mmoja wenu alivyoniandikia kuuliza. Nilikuwa likizo. Ndiyo, hata sisi waandishi wa habari wa Geita huwa tunapewa likizo, ila yangu iliangukia mwezi wa nne, katikati ya masika. Wakubwa wa ofisini walikwishagawana Juni na Desemba. Mimi nikabakiziwa matope.

Nilimlalamikia rafiki yangu mmoja anayesoma Ulaya. Badala ya kunihurumia akanicheka. Alisema huko aliko kuna watu wanaokitafuta kipindi kama hicho kwa makusudi. Yeye mwenyewe alikwenda kwenye kisiwa kimoja cha Ugiriki mwezi wa Januari. Hoteli nyingi zilikuwa zimefungwa, feri zilikuwa chache na upepo ulikuwa mkali, lakini chumba alikipata kwa nusu ya bei, na wazee waliokuwa wakicheza karata mgahawani wakamvutia kiti. Kiangazi, alisema, wazee wale wasingemwona hata kidogo, maana angekuwa mmoja kati ya maelfu. Akanikumbusha kwamba mji wa Venice ulianza mwaka 2024 kuwatoza wageni wa siku moja yuro 5 katika siku za msongamano. Ukienda wakati wa baridi hakuna anayekudai.

"Na wewe una ziwa zima hapo mlangoni," akamalizia. "Unalalamika nini?"

Nikakumbuka kwamba niliwahi kufika Rubondo wakati wa mvua, kikazi. Wengi mnaijua kwa jina tu. Ni kisiwa chenye hifadhi ya taifa tangu 1977, kipo humu humu mkoani Geita, na mashua unaweza kuipata Nkome. Kati ya 1966 na 1969 waliachiliwa pale sokwe 17, waliozaliwa Afrika Magharibi na kufugwa Ulaya, kisha wakaletwa kuanza maisha upya kwenye msitu wasioujua. Mimi sikumwona sokwe hata mmoja. Nilisikia kelele zao mbali, nikaona nzohe mmoja amesimama kwenye matete, miguu majini, akinitazama kama mtu aliyekosea nyumba. Tulikuwa wageni wawili tu siku ile. Askari wa hifadhi aliyetuongoza alikuwa na muda wa kueleza kila mti, na sisi tulikuwa na muda wa kumsikiliza.

Basi, nikaamua kwamba likizo yangu itakuwa ya visiwani. Ila safari hii sikutaka kwenda peke yangu. Nilitaka kwenda na mama.

Hapa inabidi niwaeleze kidogo. Mama yangu anauza dagaa Kahama. Amewauza tangu mimi niko shule ya msingi, na ada zangu zote, hadi chuo, zilitoka kwenye ndoo zile. Wateja wake wakubwa walikuwa wafanyakazi wa mgodi wa Buzwagi na familia zao, na mgodi ulipofikia mwisho wa uhai wake mwaka 2021 akahamia kwa wachimbaji wadogo. Lakini katika miaka yote hiyo hajawahi kuliona Ziwa Victoria kwa karibu. Dagaa humfikia kwenye malori. Mwanza amefika mara mbili, zote kwenda hospitali Bugando, na zote alikaa upande wa basi usioangalia maji.

Sababu tunaijua wote nyumbani ingawa huwa hatuisemi. Kaka yake alikuwa ndani ya MV Bukoba tarehe 21 Mei 1996. Alikuwa na mzigo wa ndizi. Hakupatikana.

Nilipompigia simu kumwambia twende Ukerewe alinyamaza muda mrefu, nikadhani mtandao umekatika. Kisha akauliza, "Kuna njia ya barabara?"

Ipo, kwa kiasi. Ukerewe ni kisiwa kikubwa kuliko vyote katika Ziwa Victoria, na watu wengi wa Mwanza huenda kwa meli hadi Nansio, safari ya saa kama tatu. Lakini unaweza pia kuzunguka kwa basi kupitia Bunda hadi Kisorya, halafu ukavuka kipande kifupi cha maji kwa kivuko hadi Rugezi. Ni kuzunguka kwelikweli, siku nzima inaishia barabarani. Mama akasema hiyo ndiyo njia yetu.

Tulikutana Shinyanga mjini, stendi, mvua ikinyesha. Yeye na begi moja na mwavuli, mimi na viatu vya raba nilivyovijutia kabla hata hatujafika Mwanza. Njia nzima majaruba ya mpunga yalikuwa yamejaa maji. Mama alikuwa ananionyesha mashamba na kutaja ni yupi kati ya wateja wake yuko wapi sasa. Maana masika maduara ya dhahabu yanajaa maji. Mwenye pampu na mafuta anaendelea, asiye nacho anarudi kwao kulima. Machimboni kunabaki wachache, na hao wachache wanakula kwa kukopa. "Mwezi wa nne," mama alisema, "mimi nauza kwa daftari."

Mwanza tulilala usiku mmoja. Jiji lile wakati wa mvua lina sura yake. Mawe makubwa ya milimani yanang'aa kama yamepakwa mafuta, maji yanatelemka kwenye ngazi za Mabatini yakikimbizana na watoto, na kule kwenye Jiwe la Bismarck hapakuwa na mpiga picha hata mmoja, ndege tu. Gesti tuliyopata ilikuwa na vyumba vitupu kila ghorofa. Mhudumu, binti wa umri wangu, alitupunguzia bei kabla hatujaomba. Nikafurahi, nikamkonyeza mama.

Mama hakufurahi. Akamwuliza yule binti, "Na wewe wanakulipaje mwezi kama huu?" Akajibu kwamba Juni hadi Septemba, wenye magari ya kwenda Serengeti wakipita, wako wasichana wanne. Sasa hivi wamebaki wawili, wanapokezana siku. Siku usiyokuja hulipwi.

"Mpe bei yake," mama akaniambia. Nikatoa, si kwa moyo mweupe, naungama.

Asubuhi basi la Bunda likashika barabara ya Musoma. Sikuwa nimefikiria kitu kimoja: barabara hiyo inapita Igoma. Wenyeji wa Mwanza mnajua ninachosema. Igoma ndiko walikozikwa wengi wa waliokufa kwenye MV Bukoba, na wengine kati yao hawakutambuliwa. Mama, aliyechagua kuzunguka siku nzima ili asiyaone maji, akapitishwa kwenye makaburi. Nilitamani kumshika mkono lakini kati yetu kulikuwa na mfuko wake wa maandazi. Alitazama nje dirishani hadi tukapita. Kisha akafungua mfuko, akanipa andazi.

Kivukoni Kisorya alisimama katikati kabisa ya kivuko, akashika ubavu wa lori la saruji kama mtu anayemshika mgonjwa asianguke. Alifumba macho. Tulipogusa Rugezi akasema, "Tayari?" kwa sauti ya mtu aliyejiandaa kwa jambo kubwa zaidi.

Nansio, ndugu zangu, ni mji mtulivu siku zote, lakini masika ni mtulivu hadi unasikia baiskeli ikipita. Tulipata chumba karibu na maji. Ukerewe ni nyumbani kwa Aniceti Kitereza, yule aliyemaliza kuandika Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka kwa Kikerewe mwaka 1945 na kusubiri hadi 1980 kitabu kitoke kwa Kiswahili. Nilikuwa nimepanga kumpeleka mama kuona kijiji chake, na pengine tufike Ukara kwenye lile jiwe linalocheza. La Ukara alilikataa moja kwa moja. Njia ya kwenda Ukara ndiko kilikozama kivuko cha MV Nyerere tarehe 20 Septemba 2018, wakafa watu zaidi ya 220. "Huko utakwenda na mumeo," akaniambia. Kijiji cha Kitereza nacho mvua ikatuzuia.

Kwa hiyo hatukwenda kuona vivutio. Tukakaa. Na jioni ya kwanza mvua ikakatika, mwezi ukatoka, mkubwa na mweupe, ziwa likawa kama sinia. Nikamwambia mama asubiri ataona maajabu, maana nilishaona picha za taa za wavuvi wa dagaa usiku, utadhani mji umejengwa juu ya maji. Tukasubiri. Hakuna taa hata moja.

Mwenye nyumba akatucheka. "Leo mbalamwezi! Nani anavua dagaa na mwezi huu?"

Mimi mwandishi wa habari wa Kanda ya Ziwa, na mama mwenye miaka ishirini na zaidi kwenye biashara ya dagaa, wote wawili hatukuwa tumelifikiria jambo hilo. Dagaa huvutwa kwa taa. Usiku wa giza wanaifuata taa, wavuvi wanawazungushia nyavu. Mwezi ukiwaka, maji yote yana mwanga, taa ya mvuvi haina maana. Hivyo kila mwezi kuna siku kadhaa ambazo kambi zinalala. Mama alijua kwamba kuna wiki lori haliji na bei inapanda. Alidhani ni ujanja wa madalali.

Kesho yake tukaenda mwaloni. Mnajua neno hili linavyonifurahisha? Kwetu kwenye dhahabu, mwalo ni mahali pa kuoshea mchanga uliotoka kwenye karasha ili upate dhahabu. Kwao ni mahali mitumbwi inapofikia na samaki wanaposhushwa. Mwalo ule ulikuwa umelala. Vijana walikuwa wanashona nyavu, wengine wanacheza drafti kwa vizibo vya soda. Kwenye kivuli cha mti walikaa wanawake wanaoanika dagaa, hawana cha kuanika.

Mama akawasalimia, akakaa chini nao, akajitambulisha: "Mimi ndiye ninayeuza dagaa wenu Kahama." Wakaangua kicheko, wakamshika mikono kama ndugu aliyepotea. Halafu mama yangu, bila hata kunywa maji ya kukaribishwa, akauliza swali alilolibeba kwa miaka yote hiyo:

"Kwa nini mnatuletea mchanga?"

Nilitaka ardhi inimeze. Lakini mama mmoja mtu mzima akamjibu kwa utulivu, "Mchanga ni wa bure, mwenzangu. Chanja ni hela."

Akamwonyesha. Dagaa wengi huanikwa chini, kwenye mchanga wa ufukweni, kwa sababu ufukwe haulipiwi. Kulikuwa na vichanja vichache vya miti na nyavu, vimeinuliwa kutoka chini, na dagaa wa pale hutoka safi na hupata bei nzuri zaidi, lakini vilikuwa vya watu wawili tu. Jua likiwa kali, siku moja inatosha. Masika ni kamari. Ukishaanika mvua ikapiga, unakusanya haraka, unaanika tena, mvua inapiga tena, dagaa wanaanza kunuka. Hao hawaendi Kahama kuliwa na watu. Wanauzwa kwa bei ya kutupa, wanakwenda kuwa chakula cha kuku. Na yule mwanamke alikwishakopa dukani kununua ndoo za dagaa wabichi.

"Kwa hiyo na nyie mna daftari," mama akasema.

"Tuna daftari."

Nilikaa pale nikijumlisha. Mchimbaji wa Geita, duara lake limejaa maji, anakula dagaa wa mama kwa mkopo. Mama, kwa kuwa hajalipwa, anachelewa kumlipa mwenye lori. Mwenye lori anampunja mwanamke wa Ukerewe, ambaye dagaa wake wameloa kwa mvua ile ile iliyojaza duara. Watu hao hawajuani. Wote masika yao yameandikwa kwenye daftari la mtu mwingine. Na mimi nilikuwa nimekuja kwa sababu vyumba ni rahisi.

Sisemi hivi ili mjisikie vibaya kusafiri masika. Hapana. Ningekwenda Agosti, mwanamke yule angekuwa ameinama juu ya dagaa wake tangu alfajiri, na asingekuwa na muda wa kumjibu mama. Ninachosema ni kwamba ule muda alioutupa haukuwa wa bure. Aliutoa kwa sababu hakuwa na kazi, na kutokuwa na kazi kulikuwa kunamgharimu. Rafiki yangu wa Ugiriki hakuniambia wale wazee wa karata walikuwa wanaishije Januari. Nadhani hakuwauliza. Na mimi nisingeuliza, kama si mama.

Tulikaa siku tatu. Mama alirudi mwaloni kila siku. Waliongea mambo ya ndoo na magunia, ya nani ananunua wapi, na siku ya mwisho wakabadilishana namba za simu. Mpango wao nitawaeleza ukishafanikiwa, kwa sasa wameniambia nisiutangaze.

Asubuhi ya kuondoka nikaanza kuulizia basi la kurudi kupitia Kisorya. Mama alikuwa amekaa ukingo wa kitanda, kilemba kimefungwa tayari.

"Tunarudi kwa meli," akasema.

Nikamwambia si lazima. Akanijibu bila kunitazama, "Nimekula kwenye ziwa hili tangu kaka yangu aingie humo. Nimekusomesha kwalo. Nataka nilione."

Meli ilikuwa nusu tupu. Tulipata benchi zima karibu na dirisha. Kwanza mama alihesabu maboya yaliyoning'inizwa, akahesabu tena. Ziwa lilikuwa limetulia kama linavyotulia baada ya mvua ya usiku, na mbali kulikuwa na mawingu ya wadudu wa ziwani yamesimama kama moshi. Baada ya muda alimwita baharia mmoja aliyekuwa anapita hana shughuli.

"Mwanangu, MV Bukoba ilizama upande gani?"

Yule kijana angeweza kusema hajui, hakuwa hata amezaliwa. Lakini alikaa. Akasema yeye aliambiwa na baharia wazee, akanyoosha mkono upande wa magharibi, akaeleza kwa upole kwamba meli yetu haipiti huko, ni mbali, lakini maji ni yale yale. Mama akamshukuru. Akasimama, akaenda kushika chuma cha pembeni mwa meli, akatazama upande ule. Nilimsikia akitaja jina la utotoni la kaka yake. Akalitaja mara mbili. Kisha akakaa hapo hapo nje hadi mawe ya Mwanza yakaonekana, na mvua ilipoanza alifungua mwavuli wake bila kurudi ndani.

Nimefikiria sana kuhusu baharia yule. Desemba, meli ikiwa imejaa wanaorudi Krismasi, mama asingepata hata pa kusimama, sembuse mtu wa kumwuliza.

Kutoka Mwanza alikuja nami Geita kuona ninapoishi. Zamani tungeshuka Kigongo, tungesubiri kivuko, tungekula mahindi ya kuchoma na samaki wa kukaanga, ndipo tuvuke kwenda Busisi. Tangu Juni 2025 kuna daraja, kilomita 3 juu ya maji, unapita ndani ya dakika chache. Mama hakufumba macho. Aliuliza tu, "Wale waliokuwa wanauza samaki kwenye foleni wamekwenda wapi?" Sikuwa na jibu. Ni habari ninayopaswa kuifuatilia, na nimeiandika kwenye orodha.

Kwa wanaotaka kujaribu: vaeni mabuti, si raba. Ulizeni ratiba ya kivuko siku moja kabla, na msiiamini sana. Tembeeni na fedha taslimu, chandarua kikague mwenyewe kabla ya kulala, na angalieni kalenda ya mwezi kama mnataka kuziona taa za dagaa. Mkipunguziwa bei ya chumba, ulizeni kwanza anayelipia punguzo hilo ni nani.

Jana usiku mama kanipigia kutoka Kahama. Lori limefika. Nikamwuliza, dagaa wakoje?

"Wana mchanga," akasema, na nikamsikia anacheka.

Na wewe mwenzangu, umewahi kufika wapi wakati wageni wote wamekwishaondoka? Niandikie. Wiki ijayo nitarudi kwenye mambo yetu ya migodi.